Mmoja kati ya wanne, kama alivyosikia mama

Kaka yangu alizaliwa wa kwanza na akaugua wa kwanza. Nilipoanza kupata fahamu ya mambo, yeye alikuwa tayari amejifunza kulia bila sauti. Tuliishi katika kambi ya polisi mashariki mwa Uganda, kwenye zile nyumba za bati za mviringo ambazo kila mtoto wa polisi anazijua kwa jina la yuniporti. Bati halifichi siri. Jirani akikohoa usiku unamsikia, na kaka alikuwa anauma ncha ya shuka ili maumivu ya mifupa yake yasiwe habari ya kambi nzima.

Baba alikuwa mtu wa kaskazini, mama Msoga. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani kwetu tulisema Kiswahili cha kambini, na ni kwa Kiswahili hicho mama alielezwa ugonjwa wa mwanawe, ule wa selimundu. Muuguzi alimwambia: "Mama, hii ni sikoseli. Wewe na mzee wote mnayo ndani ya damu. Katika watoto wanne, mmoja anaugua."

Hesabu ilikuwa sahihi. Lakini mama alisikia ahadi. Watoto wanne, mmoja anaugua. Huyo mmoja ameshakuja. Basi watatu wanaofuata ni wazima. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba siku ile alirudi nyumbani na huzuni, ila ndani ya huzuni kulikuwa na nafuu, kama mtu aliyelipa deni lote kwa mara moja.

Nikazaliwa mimi, mzima. Ahadi ikaonekana ya kweli. Akafuata mdogo wangu wa kike, na alipofikisha miezi minane vidole vya mikono na vya miguu vikamvimba, akawa hataki kuguswa. Mama alijua kabla ya kufika kwa musawo, yaani daktari. Alikuwa ameshayaona hayo kwa kaka.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Shangazi, dada yake baba, alifunga safari kuja kutuona, akakaa kwenye kigoda mlangoni na kusema kwa upole, jambo lililofanya yaume zaidi: "Kwetu hatujawahi kuona damu ya namna hii." Baba alinyamaza. Mama naye alinyamaza, kwa sababu tayari alikuwa anajilaumu kwa njia yake: ama muuguzi alimdanganya, ama yeye mwenyewe kuna mahali alipokosea mpaka ahadi ikavunjwa.

Alipopata mimba ya nne aliamini kinyume chake. Sasa aliona mlango umeshafunguka, wote watakaokuja watakuwa hivyohivyo. Kitinda mimba wetu alizaliwa mzima kabisa, na mama alikaa miaka miwili akimkagua vidole kila asubuhi.

Nafundisha baiolojia sekondari, na sehemu kubwa ya sababu iliyonifikisha huko ni sentensi ile ya muuguzi. Nimeichambua kwa miaka. Ilikuwa kweli neno kwa neno, na ikamtesa mama yangu kwa miaka saba.

Kila mwaka, tunapofika mada ya urithi, nawaambia wanafunzi wa kidato cha nne waje na sarafu mbili za shilingi 500. Upande mmoja kuna kichwa cha korongo, ndege wetu wa taifa; upande wa pili kuna nembo. Sarafu moja ni ya baba, nyingine ni ya mama. Korongo ni jeni, yaani agizo la urithi, ya sikoseli; nembo ni jeni ya kawaida. Ukizirusha pamoja umepata mtoto mmoja. Korongo wawili, mtoto anaugua. Korongo mmoja, mtoto ni mzima lakini anaibeba jeni kama wazazi wake. Nembo mbili, hana kabisa. Kila mwanafunzi arushe mara nne, aandike familia yake.

Mwaka mmoja nilikuwa na wanafunzi 64 darasani, idadi inayorahisisha hesabu kwelikweli. Tulizijumlisha familia ubaoni. Ambao hawakupata mgonjwa hata mmoja walikuwa 22. Waliopata mgonjwa mmoja, 25. Wawili, 13. Waliopata wagonjwa watatu walikuwa wanafunzi wanne. Aliyepata wagonjwa wanne hakuwepo. Ukihesabu watoto wote 256, wagonjwa ni 63, karibu robo kamili. Darasa likashangilia: muuguzi alisema kweli.

Nikawaomba watazame tena. Ni familia ngapi zilizopata mgonjwa mmoja hasa, kama sentensi inavyosema? Ni 25 tu, hata nusu haifiki. Na hilo halikutokana na urushaji mbaya. Hesabu yenyewe inasema hivyo: katika familia 64 za watoto wanne, unatarajia takriban 20 zisizo na mgonjwa, 27 zenye mmoja, 13 au 14 zenye wawili, tatu zenye watatu, na yenye wagonjwa wanne utaikuta mara moja tu katika familia 256. Kanuni ya mmoja kati ya wanne ni ya kweli kwa umati, na kwa familia nyingi inakuja na sura nyingine kabisa. Familia yetu ilikuwa miongoni mwa zile 13.

Siku hiyo kulikuwa na mvulana aliyepata sifuri, akainua mikono na kusema amebarikiwa. Na kulikuwa na msichana aliyepata watatu. Nilimwona akifunika karatasi yake kwa kiganja ili jirani yake asione. Zilikuwa sarafu tu, watoto wa kuandikwa kwa penseli, na tayari aibu ilikuwa imeingia. Nilisimama pale nikamkumbuka mama yangu mbele ya shangazi, na ilinibidi nigeukie ubao kwa muda.

Sarafu haikumbuki ilivyoangukia mara iliyopita. Maneno hayo ni mepesi kuyatamka na ni magumu kuyaamini, hata kwangu mimi. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, na ningeongeza kwamba hata bahati ya mtoto aliyetangulia mdogo wake asiilalie. Kila mimba inaanza upya, robo ileile, iwe umetanguliwa na wagonjwa wawili au na wazima watano.

Kwa nini iwe hivyo? Ndani ya mwili, pale mbegu na mayai yanapotengenezwa, kromosomu zetu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, hupangana jozi kwa jozi, ya mama na ya baba, kisha huvutwa kuelekea pande mbili za seli. Ipi iende upande upi hakuna anayeamua. Tuna jozi 23, na kila jozi inagawanyika bila kuulizana na nyingine, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kutoa michanganyiko 8,388,608 kwa mgawanyo huo peke yake. Ukiwakutanisha wawili, idadi inapita trilioni 70, na hapo bado hatujahesabu kwamba kromosomu hubadilishana vipande kabla ya kuachana. Mimi na kaka yangu tulitoka kwenye mfuko uleule. Jeni ninayoizungumzia iko kwenye kromosomu ya 11. Yeye alipewa korongo wawili, mimi mmoja.

Nilipimwa nikiwa chuoni. Kabla ya majibu kutoka, mwenzangu wa maabara aliniambia nina nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Nilimsahihisha, na usahihisho ule bado naupenda kwa sababu unaonyesha jinsi uwezekano unavyobadilika ukijua jambo dogo tu. Mimi ni mzima, kwa hiyo korongo wawili wameshaondoka kwenye orodha. Yamebaki matokeo matatu: korongo kwa baba na nembo kwa mama, nembo kwa baba na korongo kwa mama, au nembo kotekote. Mawili kati ya matatu yana korongo. Theluthi mbili, basi. Majibu yakatoka: mbebaji.

Hapa niingize jambo la lugha, maana linanigusa. Maneno yetu ya bahati yana uzito wa dini na wa majaliwa. Nasibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni fungu, sehemu uliyokatiwa. Kadari ni kipimo ulichopimiwa. Yote yanamchukulia mgawaji aliyekuangalia wewe kwa jina lako ndipo akakupa. Sina ugomvi na imani hiyo, nami ni mtu wa kusali. Lakini mama akiambiwa hilo ni fungu lake, swali linalofuata moyoni mwake ni amefanya nini mpaka akakatiwa fungu hilo. Neno uwezekano halimuulizi mtu alichofanya. Ndiyo maana nalipenda, ingawa linasikika kavu.

Wanafunzi wananiuliza sana jeni hii ilitoka wapi. Wengi huandika kwenye mtihani kwamba mwili ulijibadilisha ili upambane na malaria. Nakata alama, kisha naeleza, na maelezo huchukua kipindi kizima.

Mwaka 1943 Salvador Luria, Mwitaliano aliyekimbilia Marekani, pamoja na Max Delbrück, walichapisha jaribio la bakteria na virusi vinavyowaua. Bakteria wachache daima hunusurika. Swali lilikuwa: je, wananusurika kwa sababu virusi vimewalazimisha kubadilika, au walikuwa wameshabadilika kabla virusi havijafika? Luria alipata wazo akimtazama mwenzake akicheza mashine ya kamari, ya aina hiyohiyo inayojaa kwenye vituo vya biashara hapa kwetu. Mara nyingi haitoi kitu, mara chache inatoa kidogo, na ghafla siku moja inamwaga sarafu. Akakuza bakteria katika mirija mingi, kila mmoja peke yake, kisha akaupeleka kila mrija kwenye virusi. Kama virusi ndivyo vinavyoleta mabadiliko, kila mrija ungetoa idadi inayokaribiana ya walionusurika. Haikuwa hivyo. Mingi ilitoa wachache au hapana kabisa, na michache ikatoa umati. Mirija ile yenye umati ni ile ambayo badiliko lilitokea mapema, likazaliana kizazi baada ya kizazi, kabla ya adui yeyote kuonekana. Badiliko linakuja bila kujua litahitajika wapi.

Ndivyo ilivyo kwa sikoseli. Herufi moja ya DNA ilinakiliwa vibaya, A ikawa T, na kwa kosa hilo asidi amino ya sita kati ya 146 katika mnyororo wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ikawa nyingine. Basi. Himoglobini hiyo ikikosa oksijeni inashikamana na kuwa nyuzi ndefu, na seli nyekundu iliyokuwa mviringo inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo, inakufa mapema. Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba badiliko hili lilitokea kwa mtu mmoja miaka 7,300 hivi iliyopita. Mtu mmoja, ambaye yeye mwenyewe huenda hakuugua hata siku moja, kwa sababu alikuwa na korongo mmoja tu.

Kilichofanya kosa hilo lienee ni mbu. Na ushahidi mkubwa ulitoka hapahapa. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha vipimo vya damu za makabila ya Uganda, na kwa Baamba wa upande wa Bundibugyo, chini ya Rwenzori, wakakuta wabebaji wakikaribia asilimia 45. Kwenye milima ya baridi ya Kigezi walikuwa wachache mno. Kisha Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, akapima watoto 290 karibu na Kampala na kuchapisha mwaka 1954. Kati ya wabebaji 43, wenye vimelea vya malaria walikuwa 12. Kati ya wasiobeba 247, walikuwa 113. Ni asilimia 28 kwa 46.

Nazitazama namba hizo kila mwaka na bado zinanifikirisha. Wale 12 walikuwa na jeni inayokinga na bado malaria iliwapata. Jeni haikujenga ukuta, iliinamisha mzani tu, ingawa tafiti za baadaye zilionyesha kwamba dhidi ya malaria kali, ile inayoua, mzani unainama sana. Kwa mtoto mmoja kitandani tofauti hiyo huwezi kuiona. Kwa maelfu ya watoto, kwa mamia ya vizazi, inatosha kuibeba herufi iliyokosewa mpaka kwenye yuniporti ya wazazi wangu. Na mwenye korongo wawili hapati kinga hiyo kwa namna ya kumsaidia. Malaria kwake ni hatari kubwa sana. Kaka alifariki akiwa na miaka tisa, wiki ya mvua, damu imemwishia baada ya homa ya siku mbili.

Miaka ya 2014 na 2015 damu za watoto wachanga 97,631 kutoka kila wilaya ya nchi zilipimwa Kampala. Wabebaji walikuwa asilimia 13.3, wagonjwa asilimia 0.7. Mimi na wanafunzi tulijaribu kuifikia namba ya pili kutokana na ya kwanza. Kama watu wangeoana kama karata zinavyochanganywa, wanandoa ambao wote ni wabebaji wangekuwa asilimia 1.8 hivi, na robo ya watoto wao ni asilimia 0.44. Lakini waliopatikana ni 0.7. Binti mmoja aliyekaa nyuma akasema: "Mwalimu, watu wanaoa jirani." Hiyo ni sehemu kubwa ya jibu. Jeni imejaa mashariki na kaskazini, ni haba kusini magharibi, na watu wengi wanapendana na wa kwao. Pale ambapo wabebaji ni wengi, wanakutana wao kwa wao mara nyingi kuliko wastani wa taifa unavyodhani. Mapenzi hayachanganywi kama karata. Wazazi wangu walitoka pembe mbili za nchi na bado wakakutana.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi kwenye hifadhi iitwayo Ziwa, Nakasongola, kuona vifaru. Vifaru wa Uganda waliuawa wote hadi kufikia 1983, na mradi ulianza upya na wanyama sita, wanne wa Kenya mwaka 2005 na wawili wa Marekani mwaka 2006. Wanyama sita wana nakala 12 tu za kila jeni. Nakala iliyoko kwa mmoja peke yake, akizaa mara mbili, ina robo ya kupotea moja kwa moja, hata kama ilikuwa nzuri kuliko zote. Katika kundi dogo bahati ina nguvu kuliko ubora. Nilisimama kwenye nyasi zile nikifikiria kwamba familia pia ni kundi dogo.

Watu husema ajali haina kinga. Hii ya korongo wawili huwezi kuizuia sarafu zikishakuwa hewani, lakini kabla ya hapo kuna mengi. Kipimo cha damu kinamwambia mtu ana sarafu gani. Mtoto anayegunduliwa mapema anapewa pensilini, dawa za kuzuia malaria na vyandarua, na siku hizi dawa ya haidroksiurea, ambayo majaribio ya Kampala yaliyochapishwa 2017 yalionyesha haiwaongezei watoto malaria. Mdogo wangu anaitumia. Ana miaka 31, ameolewa, na mumewe alipimwa kabla ya posa: nembo mbili. Watoto wao wote watakuwa wabebaji na hakuna atakayeugua. Hiyo ndiyo hesabu pekee katika ukoo wetu isiyo na kurusha sarafu.

Mwaka jana nilikwenda likizo kijijini, mama sasa anaishi Busoga, baba alishatutoka. Tulikaa mkekani baada ya chakula cha jioni. Nilikuwa na sarafu za darasani mfukoni, na sijui kwa nini siku hiyo na si nyingine, nikazitoa nikamwonyesha. Korongo, nembo. Mtoto mmoja. Akazichukua, akarusha. Korongo na nembo. Akarusha tena. Nembo mbili. Akacheka, akarusha mara kadhaa, kisha zikaanguka korongo wawili, akanyamaza. Akaziokota, akarusha papo hapo. Korongo wawili tena.

"Imewezaje?" akauliza. "Si imetoka sasa hivi?"

"Haikumbuki, mama. Kila mara inaanza upya."

Alizitazama kwa muda mrefu pale mkekani, kichwa cha ndege na kichwa cha ndege.

"Kwa hiyo yule muuguzi hakunidanganya."

"Hakukudanganya."

"Wala mimi sikukosea kitu."

"Hukukosea kitu, mama."

Akaigusa sarafu iliyokuwa karibu naye, akaisogeza kidogo upande wake. Halafu akaigusa ya pili.

"Na hii ndiyo ya baba yenu?"

Nikamwambia ndiyo. Akaiokota, akaifuta vumbi kwa kanga yake, akaishika.